Ziara ya Ujiji na maelezo ya neno "ukombozi"

Kwa yeyote anayefika Kigoma, ninapendekeza kwa moyo wote ziara ya kuongozwa mjini Ujiji, hasa kwa sababu ya maelezo yake kuhusu neno "ukombozi". Mwongozaji wetu alitusimamisha chini ya miembe, kwenye njia ya kale ya misafara, akaanza na kitenzi "komboa", yaani kulipa ili kurudisha kitu kilichowekwa rehani au kumtoa mtu aliyeshikwa mateka. Mahali ambapo binadamu waliwahi kuuzwa, maana hiyo huingia moyoni kuliko inavyosomwa katika kamusi.

Kisha akaeleza jinsi Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulivyounda Kamati ya Ukombozi mwaka 1963, makao yake yakiwa Dar es Salaam, ili kuvipatia vyama vilivyopigania uhuru, kama FRELIMO cha Msumbiji na ANC cha Afrika Kusini, fedha, silaha na mafunzo, kazi iliyohitimishwa mwaka 1994 baada ya Waafrika Kusini wa rangi zote kupiga kura. Sehemu ya ufukweni ilipitwa haraka. Muda wa maswali uongezwe, kwani wanafunzi tuliofuatana nao walikuwa bado wameinua mikono tulipoambiwa tuondoke.