Kulinda Kompyuta na Vitu vya Thamani Katika Chumba cha Hoteli: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Dodoma kwa kazi ya wiki tatu ya kukusanya takwimu, nikiwa nimepanga katika hoteli ya kawaida, safi na yenye watu waungwana. Siku moja nilirudi kutoka kula chakula cha mchana nikakuta kikombe cha chai kipo mezani, chaja ipo ukutani, lakini kompyuta mpakato haipo. Baadaye tulielewa ilivyokuwa: mhudumu wa usafi alikuwa amefungua vyumba vinne kwa mpigo ili avipitie kwa zamu, kama inavyofanyika katika hoteli nyingi, na wakati yuko kwenye bafu la chumba cha jirani akisugua sakafu, mtu aliyevaa vizuri aliingia kwangu, akachukua, akatoka. Hakuvunja kitu, na sidhani kama alitumia hata dakika moja.

Tangu siku hiyo kila kifaa cha ulinzi nakipima kwa swali moja: kitamchelewesha mtu wa namna ile kwa dakika ngapi, na je, akikilazimisha kitapiga kelele au kuacha alama? Nimevipanga vifaa hapa kwa kipimo hicho, nikianza na kile ambacho ningemshauri msafiri akinunue hata kama fedha yake ni ndogo.

Nafasi ya kwanza: diski ya nje na usimbaji fiche

Aliyekuja kutafuta kufuli huenda akashangaa, lakini kompyuta niliyoibiwa nilinunua nyingine baada ya miezi miwili, ilhali madodoso ya wiki tatu hayakurudi, na kwa muda mrefu sikulala vizuri nikiwaza majina na namba za simu za watu walionipa taarifa zao kwa kuniamini. Nywila ya kuingilia peke yake haizuii kitu, kwa sababu mtu anaweza kuichomoa diski na kuisoma kwenye mashine nyingine. Usimbaji fiche ndio unaofanya diski hiyo isisomeke bila ufunguo wake. Kwenye Mac huduma hiyo inaitwa FileVault na imo bila malipo. Kwenye Windows inaitwa BitLocker na inapatikana kikamilifu katika toleo la Pro, huku kompyuta nyingi mpya zenye toleo la Home zikiwa na namna yake nyepesi inayowashwa kwenye mipangilio. Ukiiwasha utapata ufunguo wa dharura wenye tarakimu nyingi, ambao unapaswa kuutunza mbali na begi la kompyuta, kwa kuwa ukiupoteza na mashine ikauhitaji, wewe mwenyewe utabaki nje.

Kwa hiyo fedha inayotumika hapa ni ya diski ndogo ya nje tu, ya terabaiti 1, nayo isimbwe vilevile. Isikae kwenye begi moja na kompyuta. Mimi hunakili kazi ya siku kila jioni kabla ya kulala, na asubuhi natoka na diski hiyo mfukoni.

Nafasi ya pili: kufuli la waya

Kama mtu yule angekuta kompyuta yangu imefungwa kwa waya, naamini angegeuka na kutoka. Kufuli hili ni waya wa chuma uliosokotwa, wenye urefu wa mita moja na nusu hadi mbili, ambao upande mmoja una kitanzi na upande wa pili una kichwa kidogo kinachoingia kwenye tundu lililo ubavuni mwa kompyuta. Ni jepesi, linakaa kwenye mfuko wa begi, na kwa maoni yangu hakuna kifaa kingine kinachorudisha fedha yake vizuri kama hiki, hasa katika gesti zetu za kawaida ambazo hazina sefu chumbani.

Kosa kubwa la wanunuzi ni kutolinganisha kufuli na tundu. Tundu la kawaida, lile lililoenezwa na kampuni ya Kensington tangu miaka ya 1990, lina ukubwa wa milimita 3 kwa 7. Kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi zina tundu dogo zaidi, la milimita 2.5 kwa 6, Dell nyingi zina tundu la umbo la kabari, na MacBook Air haina tundu kabisa. Usinunue kwa kutazama picha. Nenda dukani na kompyuta yenyewe, ingiza kichwa cha kufuli, kizungushe, kisha kivute kwa nguvu kiasi mbele ya muuzaji. Kikicheza au kikitoka, kirudishe hapohapo.

Kuhusu ufunguo au namba, mimi nachagua namba nne. Kufuli la namba tatu lina michanganyiko 1,000, na mtu mvumilivu anayetumia sekunde mbili kwa kila jaribio atayamaliza yote katika muda wa kama nusu saa. La namba nne lina michanganyiko 10,000, yaani zaidi ya saa tano kwa mwendo uleule. Lakini makufuli ya bei ya chini sana ya namba yana kasoro unayoweza kuigundua kwa vidole vyako: vuta waya kwa mkono mmoja huku ukizungusha magurudumu ya namba polepole kwa mkono wa pili. Ukihisi gurudumu moja linakaza au kukwama kidogo kwenye namba fulani, kufuli hilo linajitaja lenyewe, na mwizi naye atahisi hivyohivyo. Kwa upande wa makufuli ya ufunguo, epuka yale ya zamani yenye ufunguo wa mviringo mfano wa bomba. Mwaka 2004 ilidhihirika hadharani kwamba baadhi yake yangeweza kufunguliwa kwa karatasi ngumu iliyokunjwa.

Swali linalobaki ni mahali pa kuufunga waya. Mguu wa meza haufai, kwa sababu meza inainuliwa na kitanzi kinachomoka chini. Kitanda cha chuma kilichochomelewa kinafaa, na kitanda cha mbao kinafaa ikiwa ubavu wake umeunganishwa kwa bolti. Nondo za dirisha ni imara kuliko vyote hivyo, ila ziko mahali pabaya: katika vyumba vya chini mtu aliye nje anaweza kupitisha mti mrefu wenye ndoano na kuvuta chochote kilicho karibu, na hata asipoweza kuiondoa kompyuta anaweza kuiharibu. Ukizitumia, acha waya uwe mrefu, kompyuta ikae chini mbali na dirisha, na pazia lifungwe.

Mkasi wa kukatia nondo utaukata waya huu katika sekunde chache, na sitaki msomaji adhani vinginevyo. Lakini mtu anayetembea kwenye veranda za hoteli akiangalia mlango upi uko wazi kwa kawaida hatembei na mkasi wa namna hiyo.

Nafasi ya tatu: mfuko wenye wavu wa chuma

Huu ni mfuko wa kitambaa ambao ndani yake umeshonewa wavu wa waya, unaofungwa mdomo kwa kebo na kufuli, kisha kebo hiyo ikazungushwa kwenye kitu kisichohama. Pacsafe ni miongoni mwa kampuni zinazojulikana kwa kuitengeneza. Wembe utachana kitambaa lakini wavu utabaki. Kwa mwenye MacBook, au kwa anayesafiri na kamera, vito na pasipoti pamoja na kompyuta, mfuko huu ungepanda hadi nafasi ya pili, kwa kuwa unafunga vyote kwa mara moja. Nimeuweka hapa kwa sababu ni mzito na ghali kuliko kufuli la waya, na madukani kwetu hauonekani mara nyingi, hivyo wengi huuagiza nje. Kabla ya kuagiza, pima kompyuta yako pamoja na chaja, maana mifuko mingi hutajwa kwa lita, na lita hazikuambii kama mashine ya inchi 15 itaingia.

Nafasi ya nne: sefu ya chumbani

Hii hainunuliwi, lakini watu huchagua hoteli ya bei ya juu kwa ajili yake, kwa hiyo inastahili kupimwa kama bidhaa nyingine. Fanya jaribio hili siku ya kwanza kabla hujaweka kitu. Acha mlango wa sefu wazi, weka namba yako ya siri ili vyuma vya komeo vitokeze, kisha jaribu kuifungua kwa 000000, halafu 999999. Baadhi ya sefu hutoka kiwandani zikiwa na namba kuu ya aina hiyo kwa ajili ya wageni wanaosahau namba zao, na hoteli nyingine haziibadilishi kamwe. Vyuma vikirudi ndani, sefu hiyo ni kabati tu. Kisha ishike kwa mikono miwili ujaribu kuiinua. Nimewahi kuiinua sefu nzima kutoka ndani ya kabati la nguo kama mtu anayeinua redio. Haikuwa na skrubu hata moja.

Kwa pasipoti na vito, sanduku la mapokezini lenye kuandikiwa risiti ni bora kuliko sefu ya aina hiyo. Risiti yenyewe ina uzito kisheria katika nchi nyingine: Uingereza, kwa mfano, sheria ya wenye hoteli ya mwaka 1956 inairuhusu hoteli iliyobandika tangazo rasmi kuwekewa ukomo wa kulipa pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa jumla, lakini ukomo huo hauhusu kitu kilichokabidhiwa mahususi ili kitunzwe. Ama fedha taslimu, kwa nini zilale chumbani? Ziache kwenye M-Pesa au mtandao mwingine wa simu, utoe kiasi cha siku. Ada ya kutolea ni ndogo ukilinganisha na bahasha iliyopotea.

Nafasi ya tano: vifaa vya mlangoni

Kitasa cha kadi kisikupe usingizi mzito. Mwezi Machi 2024 watafiti wa usalama walitangaza udhaifu katika vitasa vya Saflok, vinavyotengenezwa na dormakaba, ambavyo vimefungwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131. Kwa kadi moja ya hoteli husika, hata iliyokwisha muda, waliweza kutengeneza kadi za kufungua mlango wowote wa hoteli hiyo. Kabari yenye king'ora inayowekwa chini ya mlango, au komeo la kubebeka, ni vitu vizuri, na mwanamke anayesafiri peke yake ningemshauri avinunue bila kusita. Hata hivyo hulinda mtu aliyemo ndani. Ukitoka kwenda kula, havifanyi kazi yoyote.

Nafasi ya mwisho: kufuli dogo la sanduku

Lina kazi yake uwanja wa ndege, lakini chumbani halifai. Chukua kalamu ya wino, sukuma ncha yake katikati ya meno ya zipu ya plastiki, nayo itaachana. Chukua unachotaka, kisha vuta vishikizo viwili vilivyofungwa pamoja kwa kufuli mpaka vipite pale palipoachana, na zipu itajifunga tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwenye sanduku ataondoka hotelini bila kujua.

Kabla ya safari, pindua kompyuta, piga picha ya kibandiko chenye namba yake ya utambulisho, uitume kwenye barua pepe yako pamoja na risiti ya ununuzi. Kule Dodoma, nilipofika polisi kuandikisha RB, swali la pili la afisa lilikuwa namba ya kompyuta, na sikuwa nayo. Aliandika rangi yake tu, nyeusi.