Miaka Minne Nyuma ya Lango: Uzoefu Wangu wa Kumiliki Nyumba katika Mtaa wa Kifahari

Nilinunua nyumba katika mtaa wa kifahari wenye lango moja, ukuta mrefu na nyumba zisizofika sitini, nikaishi humo na familia yangu kwa miaka minne, kisha nikaiuza. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye fedha anazo, au benki imekubali kumwongezea, na ambaye dalali ameshamtembeza katika nyumba ya mfano na kumwonesha bafu la marumaru. Mimi pia nilianzia bafuni. Nilikosea, kwa sababu bafu lilikuwa langu na ningeweza kulibomoa siku yoyote niliyotaka. Yaliyonipa raha na karaha kwa miaka yote minne ni yale ambayo hayakuwa yangu peke yangu: barabara, pampu, mitaro, walinzi, na watu wanaoamua vitu hivyo vitunzwe vipi na kwa fedha za nani.

Nianze na sifa, maana ni za kweli. Umeme ulipokatika, jenereta kubwa ya mtaa iliwaka kabla hatujaipata tochi. Maji hayakukatika hata siku moja katika miaka miwili ya mwanzo. Taa ya barabarani iliyoungua Jumatatu ilikuwa imebadilishwa kufikia Jumatano, na taka zilizolewa asubuhi na mapema bila mtu kukumbushwa. Watoto wangu walijifunza kuendesha baiskeli katikati ya barabara, jambo ambalo huko tulikotoka nisingelithubutu. Mtu akiniuliza kama utulivu huo ulistahili gharama yake, kwa miaka ile miwili nitamjibu ndiyo bila kusita.

Kuhusu ulinzi nina maoni mchanganyiko. Langoni kulikuwa na kamera za kusoma namba za magari, na kila mgeni alitakiwa kuwa na namba ya siri inayotumwa kwa simu na mwenyeji wake. Utaratibu huo uliwazuia vizuri sana wageni wetu. Mama yangu mzazi alikaa ndani ya gari nje ya lango kwa dakika arobaini kwa sababu simu yangu ilikuwa imezimika, na mlinzi, kijana mwenye adabu, alikuwa akimwambia, “Shikamoo mama, nisamehe, ninakufahamu, lakini utaratibu hauniruhusu.” Mwezi uleule vitu viliibwa katika nyumba ya jirani, na mwizi alikuwa ameingia kwa kibali halali, ndani ya gari la mafundi waliokuwa wakijenga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kamera iliyoelekea upande huo ilikuwa haijarekodi kwa wiki kadhaa. Niligundua baadaye kwamba kampuni ya ulinzi ilikuwa ikibadilishwa kila mkataba ulipokwisha, ikichukuliwa ile yenye bei ya chini, hivyo walinzi waliokwisha kutujua sura waliondoka na wapya wakaanza upya. Anayetaka kuupima ulinzi wa mtaa wa aina hii asihesabu kamera. Amuulize mlinzi wa zamu amefanya kazi hapo tangu lini.

Hati yangu ilikuja na kitabu cha masharti ambacho nilikisoma juujuu, nikidhani ni maneno ya wanasheria tu. Rangi ya kuta, urefu wa uzio wa miti, mahali pa kuanika nguo, idadi ya magari yanayoonekana kutoka barabarani, marufuku ya kupangisha kwa usiku mmoja mmoja: yote yalikuwamo, na yote yalisimamiwa. Nilipotaka kuweka paneli za sola, kamati ya usanifu ilinichukua miezi saba, kisha ikakubali kwa sharti kwamba zisionekane kutoka barabarani. Upande wa paa unaopata jua ndio huohuo unaotazama barabara. Niliziweka upande wa pili, zikawa zinatoa umeme mdogo kuliko nilioulipia.

Masharti ya namna hii si uvumbuzi wa leo. Mtaa wa Llewellyn Park huko New Jersey, Marekani, ulioanzishwa katika miaka ya 1850 na ambao Thomas Edison alinunua nyumba ndani yake mwaka 1886, ulikuwa na lango lenye mlinzi na masharti yaliyowafunga wanunuzi wote. Masharti hayohayo yaliwahi pia kutumika kwa uovu: katika miji mingi ya Marekani hati za nyumba zilikataza kuwauzia watu weusi, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza makatazo hayo. Ninataja hilo kwa sababu sharti lililoandikwa katika hati huifuata ardhi, wala halifi na aliyeliandika. Mnunuzi hulirithi hata kama hakulisoma.

Sasa nije kwenye fedha, ambako hasa ndiko nilikoumia. Kila mwezi tulilipa ada ya huduma kwa chama cha wamiliki, nacho kikailipa kampuni ya usimamizi. Sehemu ya ada hiyo hutakiwa kuingia katika mfuko wa akiba kwa ajili ya vitu vikubwa vinavyochakaa polepole, kama lami, jenereta, pampu na mtambo wa majitaka. Niliponunua, ada ilikuwa ndogo kwa namna iliyonifurahisha. Sikujiuliza kwa nini. Ukweli ni kwamba kampuni iliyojenga mtaa ilikuwa bado na kura nyingi kuliko sisi sote kwa sababu viwanja vingi vilikuwa havijauzwa, na ilikuwa na kila sababu ya kuiweka ada chini ili wanunuzi wasiogope. Mwaka wa tatu mtambo wa majitaka uliharibika, mfuko wa akiba ukafunguliwa, ndani yake hamkuwa na kitu cha maana. Wakati huo viwanja vilikuwa vimekwisha, kampuni ile imetukabidhi chama na kuondoka, nasi tukaletewa barua ya mchango maalumu unaopaswa kulipwa ndani ya siku tisini. Mchango wangu ulizidi ada yangu ya miaka miwili. Wenye viwanja vikubwa walitaka ugawanywe sawa kwa kila nyumba, wenye vidogo walitaka ugawanywe kwa ukubwa wa kiwanja, na kitabu cha masharti, kilichojua mpaka urefu wa majani ya uzio, kilikuwa kimya juu ya jambo hilo. Kwa wiki tano malori ya kunyonya majitaka yalipita mbele ya nyumba zetu nzuri tangu alfajiri.

Tulijaribu kuitisha mkutano ili tuiwajibishe kampuni ya usimamizi. Akidi haikutimia mara mbili. Hapo ndipo nilipoitambua sura nyingine ya mitaa hii: wamiliki wengi hawaishi humo. Nyumba kwao ni mahali pa kuhifadhi fedha, na hilo si la mtaa wetu peke yake; barabara ya The Bishops Avenue jijini London imejulikana kwa majumba ya matajiri yaliyokaa matupu kwa miaka mpaka mengine yakaanza kubomoka. Kwetu, mabwawa mawili ya kuogelea yaligeuka kijani na kutuzalishia mbu. Wamiliki wasiokuwapo walikuwa wamempa kura zao za uwakilishi mtu mmoja, meneja wa kampuni ileile tuliyotaka kuihoji.

Majirani waliokuwapo walikuwa watu wema, ingawa katika miaka minne niliingia katika nyumba tatu tu.

Kuuza kulichukua miezi kumi na moja. Nyumba za aina hii huwa na wanunuzi wachache, na nilipotangaza yangu kulikuwa na nyingine nne sokoni ndani ya lango lilelile, mbili kati yake zikiwa kubwa kuliko yangu na wenye nazo wakiwa na haraka. Wakili wa mnunuzi alifanya nilichopaswa kufanya mimi: aliomba hesabu za chama za miaka mitatu, salio la mfuko wa akiba, orodha ya wamiliki wanaodaiwa ada, na mihutasari ya mikutano. Alipoona kwamba karibu theluthi moja ya wamiliki walikuwa na malimbikizo, alishusha ofa, nami sikuwa na la kujibu. Ardhi ilikuwa imepanda thamani kweli. Mapambo niliyoongeza hayakurudisha kitu, na mnunuzi aliniambia bila kuona haya kwamba bafu lile atalivunja.

Kabla ya hati kuhamishwa, chama kilipaswa kutoa cheti kwamba sidaiwi, nacho kilikaa mezani kwa meneja kwa wiki sita kwa sababu ya deni la rangi ya lango langu la gari, iliyodaiwa kuwa imekoza kupita iliyoidhinishwa. Nililipa faini hiyo chini ya pingamizi la maandishi. Kadi za lango nilizirudisha sita; stakabadhi waliyonipa inasema tano, na barua za kudai ya sita bado zinanifikia.