Mwasumini wa kwenye kiriba: nyota nne, na hii hapa sababu ya ile iliyokosekana

Mwasumini huu ninao mwaka wa pili sasa. Niliununua ungali kwenye kiriba, kimo cha shubiri mbili, aina ya Maid of Orleans yenye petali za safu moja. Kitaluni palikuwa pia na Grand Duke of Tuscany, ambayo ua lake limejaa kama waridi dogo, ila hiyo hukua taratibu mno na mimi nilikuwa na hamu ya harufu.

Mche wenyewe sina neno nao. Nilipochana kiriba nilikuta mizizi myeupe ambayo haijajiviringisha, na chini ya majani hapakuwa na utitiri. Aliyeukuza anaijua kazi.

Nyota niliyoinyima ni ya kibandiko. Kiliandikwa "jua au kivuli". Nikaamini, nikauweka nyuma ya ukuta. Miezi saba mizima nilipata majani tu, na vitawi vyembamba vilivyorefuka vikitafuta mwanga. Kuishi kivulini unaishi, lakini maua utayasubiri sana. Mti huu unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, na maua yake hutoka kwenye ncha za machipukizi mapya. Basi nikauhamishia juani, nikapogoa kila tawi theluthi moja, huku roho ikiniuma kwa kila mkato. Wiki ya saba nikaona vitumba vitatu vimekaa pamoja.

Vilifunguka jioni, giza likiingia. Nililala dirisha wazi kwa ajili yake. Kesho yake ua lilikuwa limeanza kupiga wekundu wa mbali, kisha likadondoka. Uhai wake ni mfupi hivyo, na ndiyo maana nataka vitumba vingi.

Maji naupa udongo wa juu ukikauka kiasi cha pingili moja ya kidole. Nimeupanda kwenye chungu kwa makusudi: sakitu huua mwasumini, na joto likikaribia nyuzi 10 naubeba ndani.

Mbegu ni nadra kupata, kwa hiyo nilikata vipandikizi vitano. Vinne vimeshika mizizi. Kimoja nimempa wifi yangu, na kwenye chungu chake nimeandika kwa kalamu nene: JUA.