Juzuu la Kwanza la Harold Pinter: Kitabu cha Kusimama Nacho Jukwaani

Kitabu ninachokitathmini ni Plays One cha Harold Pinter, juzuu la kwanza la tamthilia zake kutoka kwa wachapishaji Faber and Faber wa London, na ninaandika nikiwafikiria watu wa jukwaa wa hapa Bagamoyo: wanafunzi wa TaSUBa (chuo chetu cha sanaa na utamaduni), vikundi vya maigizo vya mitaani, na walimu wanaotafuta michezo yenye wahusika wachache isiyodai mavazi ya gharama. Atakayekinunua ili ajilaze nacho jioni, akitarajia kisa chenye mwanzo na mwisho ulio wazi, huenda akajuta. Atakayesimama nacho katikati ya chumba, mwenziwe akiwa upande wa pili, wakaanza kusomeana kwa sauti, ataiona thamani ya fedha yake kabla ya ukurasa wa kumi.

Tofauti hiyo inatokana na kazi aliyoifanya mtunzi mwenyewe. Pinter, aliyezaliwa Hackney, London, mwaka 1930, alikuwa mwigizaji kabla hajawa mtunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka Ireland na kikundi cha Anew McMaster wakiigiza Shakespeare, kisha akafanya kazi chini ya Donald Wolfit, mwigizaji aliyeongoza kampuni yake mwenyewe, katika ukumbi wa King's, Hammersmith, na baada ya hapo, akitumia jina la jukwaani la David Baron, akazitumikia kwa miaka kadhaa kampuni za maigizo za mikoani. Katika kampuni za aina hiyo mwigizaji alikuwa akionyesha mchezo mmoja usiku huku mchana akikariri mwingine, na mtu aliyepita katika tanuri hilo hujua upesi ni sentensi ipi inakaa mdomoni na ipi inamkwaza msemaji. Ndiyo maana katika juzuu hili huoni hotuba ndefu za kumwonyesha mtunzi kuwa ni msomi. Mhusika huulizwa swali, hujibu jingine, huombwa arudie, hukasirika kwa jambo dogo kama birika la chai, na mwigizaji anayeishika nafasi hiyo huona kwamba kila neno limeachiwa pumzi yake.

Tamthilia inayojulikana zaidi humu ni The Birthday Party, ambayo Pinter aliiandika mwaka 1957 akiwa bado anazunguka na kazi ya uigizaji. Stanley, mpangaji wa pekee katika nyumba ya wageni iliyo pwani, anajiwa na wanaume wawili, Goldberg na McCann, wanaomhoji hadi akapoteza hata uwezo wa kusema. Ilipofika London Mei 1958, katika ukumbi wa Lyric, Hammersmith, wahakiki waliiponda na ikaondolewa baada ya maonyesho manane tu. Sifa alizoimwagia mhakiki Harold Hobson katika gazeti la Sunday Times zilitoka wakati pazia limekwisha kufungwa. Nimeona sehemu ya mahojiano ikifanyiwa mazoezi na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na sijui zoezi bora kuliko hilo la kufundisha kasi, kwa sababu Goldberg na McCann wanapokezana maswali bila kumpa Stanley nafasi ya kumeza mate, na atakayechelewa nusu sekunde anauangusha mchezo mzima.

Hata hivyo, lau ningelazimishwa kuchagua tamthilia moja ya kulipia bei ya kitabu, ningechagua The Dumb Waiter. Ina waigizaji wawili, chumba kimoja cha chini ya ardhi mjini Birmingham na vitanda viwili. Ben na Gus ni wauaji wa kukodiwa wanaosubiri kuelezwa nani atakuja, na ghafla kisanduku cha kupandishia na kushushia chakula, kilichomo ukutani, kinaanza kuwaletea oda za wateja wasioonekana. Nao, bila kujua kwa nini wanatii, wanapeleka juu biskuti zao, maziwa yao na majani yao ya chai. Mchezo unafunguka bila neno lolote: Ben amelala akisoma gazeti, Gus anafunga kamba za viatu, anatembea, anasimama, anatikisa mguu, anavua kiatu na kutoa humo kiberiti kilichobonyea, anakiangalia, anakirudisha mfukoni, kisha kiatu cha pili, na humo mnatoka pakiti ya sigara iliyobonyea vilevile. Ni kurasa chache, lakini zinamdai mwigizaji atuchekeshe na kututia hofu kwa vidole na kamba za viatu peke yake. Kisanduku nacho kisiwatishe wanaoogopa gharama, maana kapi la jahazi, kamba na boksi la mbao vinatosha, na pwani ya Bagamoyo haikosi mtu wa kuazima kapi.

Ugumu uko kwenye kimya. Pinter hutofautisha nukta tatu zinazomkatiza msemaji, kituo kifupi, na kimya kirefu, na kila kimoja ni maelekezo ya jukwaani yenye uzito sawa na neno. Mwanzoni mwa kitabu imewekwa hotuba aliyoitoa Bristol mwaka 1962, ambamo anaeleza kwamba upo ukimya wa kutosema na upo ukimya mwingine, wa mtu anayemwaga maneno mengi ili kufunika yale asiyotaka kuyasema. Jukwaa letu limekulia kwenye ngoma, utani na hadhira inayojibu, kwa hiyo kimya hicho hakipiti salama. Katika zoezi moja la wazi, Gus aliponyamaza kama alivyoelekezwa, mama mmoja aliyekuwa mbele akasema kwa huruma, “Mkumbusheni jamani, mtoto wa watu kasahau.” Watu wakacheka, na kijana akacheka nao. Sioni kwamba hadhira ilikosea, na wala sishauri vituo vifutwe. Ninachoshauri ni kwamba mwigizaji ajue mhusika wake anafikiri nini katika kila kituo, kwani mtu aliyesahau maneno hukodoa macho, ilhali mtu anayeficha jambo huwa na kazi ya kufanya, na mtazamaji wa Bagamoyo hutofautisha hayo mawili mara moja.

Kasoro kubwa ya kitabu kwa msomaji wa huku ni lugha. Ni Kiingereza cha mitaani cha miaka ya 1950, kimejaa majina ya vyakula, timu za mpira na mizaha ya wakati ule, na hakuna faharasa wala maelezo ya chini. Mwalimu atake asitake itabidi apite kwanza peke yake na kalamu. Kundi litakaloamua kutafsiri baadhi ya sehemu kwa mazoezi ya darasani litagundua kwamba vyakula ni rahisi kubadilisha, ila namna Ben anavyomkatisha Gus inahitaji uamuzi wa mapema, kwa sababu mtu wa pwani akimkaripia mwenziwe aliye chini yake hatumii maneno yaleyale anayoyatumia kwa rika lake.

Yaliyobaki yana daraja tofauti. The Room, mchezo wake wa kwanza, ulioonyeshwa Chuo Kikuu cha Bristol mwaka 1957, unafaa kwa mwigizaji wa kike anayetaka kubeba sehemu ndefu akizungumza na mume asiyejibu. A Slight Ache na A Night Out zilianzia redioni, na ile ya kwanza ingefaa sana kuigizwa kwa sauti tu. The Hothouse, aliyoiandika mwaka 1958 na kuiweka kabatini hadi ilipoonyeshwa mwaka 1980, inadai waigizaji wengi na kejeli ya urasimu inayochosha katikati. Hadithi fupi mbili za mwisho nazipita.

Wanaomtafuta Pinter kwa ajili ya The Caretaker, iliyompa jina mwaka 1960, wajue haimo humu. Imo katika juzuu la pili. Nakala mpya ni ghali ukijumlisha usafirishaji, kwa hiyo wengi watanunua mtumba. Nakala yangu ya mtumba imeachia gundi mgongoni baada ya kupitia mikono ya mazoezi, basi kabla ya kulipa ifungue katikati na uivute kidogo, uone kama kurasa za The Dumb Waiter zimeshika.