Pikapu ikilala nyuma: jani la springi au mifuko ya hewa?

Pikapu inayolala nyuma ikipakiwa hutibiwa kwa njia mbili: kuongeza jani moja (bamba la chuma) kwenye springi, au kufunga mifuko ya hewa kati ya ekseli (mhimili wa magurudumu) na chesisi (fremu ya gari).

Mifuko inavutia. Ukipakia unaijaza upepo, ukishusha unaupunguza, na gari tupu linabaki laini. Jani halina huruma hiyo: bila mzigo, kila tuta utalisikia mgongoni.

Lakini kwa njia mbovu mimi nachagua jani. Springi hubeba chesisi kwenye ncha zake mbili. Mfuko husukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli na gari likidunda mashimoni, chesisi inaweza kupinda pale pale. Tena jiwe kali likitoboa mfuko, upande mmoja unalala. Ila kagua springi yenyewe kwanza: jani lenye ufa hubadilishwa, haliongezewi mwenzake.

Kwa lami na mzigo unaobadilika kila siku, funga mifuko. Shokapu zikivuja mafuta, anza nazo. Na uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji unabaki ule ule, ufunge jani au mifuko.