Miezi minane na mrija mfupi wa kulishia tumboni

Binti yangu mwenye umri wa miaka sita ana mtindio wa ubongo, na kwa kuwa chakula humpalia, hulishwa kupitia tundu lililotobolewa tumboni. Mrija wake wa kwanza ulikuwa mrefu, umebandikwa kwa plasta, na usiku mmoja ulinaswa na blanketi ukachomoka. Kufikia tulipotoka nyumbani Kayole, Nairobi, na kuhudumiwa hospitalini, tundu lilikuwa limeanza kuziba, kwani hujifunga ndani ya saa chache, ikabidi lipanuliwe huku mtoto akilia.

Tangu hapo tunatumia mrija mfupi wenye puto, unaolala juu ya ngozi kama kifungo cha shati. Wetu ni namba 14, yaani unene wa karibu milimita 4.7, na urefu wake ulichaguliwa baada ya muuguzi kupima kina cha tundu. Kipimo hicho kirudiwe mtoto anaponenepa, kwa sababu mrija unaobana hutia kidonda na uliolegea huvujisha uji. Ndani hushikiliwa na puto lililojazwa mililita 5 za maji ya sindano, yaani maji safi yasiyo na vijidudu, wala si maji ya chumvi, ambayo chembe zake huweza kuziba vali ya puto.

Kuubadilisha sasa hunichukua dakika chache: nanyonya maji ya puto kwa bomba la sindano, nautoa wa zamani, napaka jeli ule mpya, nausukuma taratibu, kisha najaza puto. Muuguzi alinisimamia mara mbili kabla ya kuniachia kazi hiyo. Nakisifu hasa kijiti kinachokuja nao, kwa maana hukaza mrija laini usijipinde njiani.

Lakini waliobuni kifaa hiki wameacha pengo kubwa. Hakuna chochote kinachonionyesha kwamba ncha imefika tumboni, ilhali ikipotea nje ya tumbo la chakula, uji utamwagika kati ya viungo na kuhatarisha maisha. Kwa hiyo kila mara navuta majimaji kidogo na kuyapima kwa karatasi ya asidi: nikisoma pH 5.5 au chini ya hapo, dalili ya asidi ya tumbo la chakula, namlisha; nisipopata, nampeleka hospitali bila kumpa hata tone. Ningelipa zaidi kwa mrija wenye alama ya kuthibitisha hilo wenyewe.

Kwa mzazi anayeanza, nunua miwili: wa namba ya mtoto, na mwingine mwembamba zaidi wa kukaa mkobani, kwa sababu huo ndio utakaoingia tundu likishaanza kusinyaa.