Uingereza: NHS (huduma ya afya ya taifa) na shule za serikali kwa familia yenye viza

Ada ya afya ndiyo inayouma. Pauni 1,035 kwa mtu mzima, 776 kwa mtoto, kila mwaka, na hulipwa yote pamoja na ombi la viza: wazazi wawili na watoto wawili kwa miaka mitatu ni pauni 10,866. Wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa. Baada ya hapo daktari ni bure. Jiandikisheni kliniki ya mtaani wiki ya kwanza, kabla mtu hajaugua. Meno je? Foleni ndefu, yatibiwe kabla ya safari.

Shule ni bure, nzuri kwa jumla. Ombi hupitia halmashauri au shule yenyewe, na darasa hufuata umri. Ya karibu ikijaa, mtoto hupangiwa ya mbali.